Haki ya Kumbishia Mtafiti

Kasisi Henry Whitehead alipoanza kubisha hodi katika nyumba za Soho, nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba Daktari John Snow amekosea. Kipindupindu kilikuwa kimeingia katika mtaa huo wa London mwishoni mwa Agosti 1854 na kuua watu zaidi ya 600 ndani ya majuma machache. Snow aliwahesabu waliokufa, akauliza maji yao yalitoka wapi, akaona vifo vimeizunguka pampu ya Broad Street. Aliwatazama pia walionusurika: katika kiwanda cha bia kilichokuwa hatua chache tu kutoka pale, wafanyakazi walikunywa bia na maji ya kisima cha kiwanda, na hawakufa. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uling'olewa. Hata hivyo wakubwa wa afya waliendelea kushikilia kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu.

Whitehead naye hakusadiki habari za pampu. Lakini aliwajua watu wa mtaa kwa majina, alikuwa amekaa na wagonjwa wao hadi dakika ya mwisho, na aliweza kurudi nyumba ile ile mara kadhaa bila mtu kumkunjia uso. Katika kuhoji kwake alimfikia mama wa nyumba namba 40 ya Broad Street, ambaye mtoto wake mchanga aliharisha kabla ya wengine wote kuugua. Maji ya kufulia nepi za mtoto huyo yalimwagwa katika shimo la maji machafu lililokuwa karibu kabisa na kisima cha pampu ile. Shimo lilipochimbuliwa, likakutwa linavuja. Kiungo kilichokosekana katika hoja ya Snow kilipatikana kwa mtu aliyetaka kuivunja.

Ramani ambayo Snow aliichora ya vifo hivyo hupewa sifa zote, nami siidharau. Ila naamini nguvu ya utafiti ule ilitoka kwenye ule ubishi. Utafiti wa mambo ya kila siku, yaani maji, choo, chakula cha watoto, njia ya kwenda zahanati, huwa wa kweli zaidi pale mwenyeji anapopata nafasi ya kusema "hapana, si hivyo", na neno lake likabadilisha matokeo. Kwa kipimo hicho nautazama utafiti uliofanyika kwetu.

Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Unguja. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu mjini humo, hakuwa na orodha ya vifo ya kutegemea kama Snow. Aliwategemea wasafiri. Kwa maelezo ya watu wa misafara na wa majahazi aliunga njia nzima ya ugonjwa: toka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia bara hadi nchi ya Wamaasai, kushuka Pangani, kuvuka hadi Unguja, kisha kusambaa pwani na kurudi bara pamoja na misafara. Ni kazi ya kustaajabisha, na maarifa yake mengi yalikuwa ya wale waliotembea njia hizo kwa miguu. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876, mbali sana na wao. Kama nahodha au mpagazi aliona kosa katika njia iliyochorwa, hakuwa na pa kulipeleka.

Karibu miaka mia baadaye, kati ya 1966 na 1968, mwanajiografia wa Marekani Gilbert White, mkewe Anne White, na daktari Mwingereza David Bradley walichunguza maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Swali lao lilikuwa la jikoni hasa: mtu hutumia maji kiasi gani kwa siku, na huyapata kwa taabu gani? Walipima ndoo, umbali, muda, hata nguvu anayotumia mwanamke kubeba maji kichwani. Kitabu chao, Drawers of Water, kilichapishwa mwaka 1972. Bradley aliyatenga magonjwa ya kunywa maji machafu na yale ya uhaba wa maji ya kuogea na kunawa, kama upele na trakoma. Akayaweka katika makundi mengine mawili yale ya viumbe wanaoishi majini, kama kichocho, na ya wadudu wanaozaliana penye maji, kama malaria. Tangu hapo mhandisi anayesafisha maji bila kuyaongeza anajua anaacha magonjwa gani nyuma.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba watafiti walirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maeneo yale yale yalichunguzwa upya, safari hii wakiwamo Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na James Tumwine wa Makerere. Katika nyumba zenye bomba, matumizi ya maji kwa mtu yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Miji ilikuwa imekua, mabomba yamechakaa, na wasio na bomba walikaa foleni muda mrefu zaidi. Bila kurudi huko, tungeendelea kudhani kwamba bomba likishafika uani kazi imekwisha.

Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, alitaka zaidi ya kupima. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye na wenzake walichunguza utapiamlo wa watoto wilayani Moshi, penye kahawa, ndizi na shule. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba mama hajui lishe. Kuzungumza na akina mama kulileta mengine: uhaba wa ardhi, ulezi wa peke yao, umaskini ndani ya mkoa unaosifiwa kwa neema. Mwaka 1975 ukaanza mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, ambako wanakijiji walitakiwa kuwa watafiti wa shida zao wenyewe.

Naupenda mwelekeo huo kuliko yote, ingawa hauniridhishi peke yake. Mkutano wa kijiji una wazungumzaji wake, na mbele ya viongozi si kila mtu hufungua kinywa. Binti anayekaa kisimani tangu alfajiri huenda asiseme neno mkutanoni, lakini dakika zake zikipimwa, zipo kwenye karatasi na hakuna mzee wa kuzifuta. Kwa hiyo namtaka White na saa yake, kisha namtaka Whitehead aje ambishie.

Leo mtafiti huja na kibali, akipitia mkoa na wilaya mpaka kwa mtendaji wa kijiji, dodoso limo ndani ya simu. Ripoti huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza. Ningependa, kabla haijakwenda kwa mchapaji, kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, chini yake itajwe siku ya kuzijadili, na yatakayopingwa siku hiyo yaingizwe katika ripoti kama yalivyosemwa.