Radhi peke yake haitoshi: watoto waliochukuliwa na Leta

Wengi wetu tulifundishwa historia ya misioni kama historia ya shule, zahanati na matofali. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ingine iko katika hukumu ya Korti ya Rufani ya Brussels, tarehe 2 Desemba 2024.

Mambo yalianza zamani kabisa. Tarehe 12 Julai 1890, Leta ya Leopold II ilitoa dekreti ya kujipa ulezi wa watoto yatima, walioachwa, na wale waliotolewa katika misafara ya watumwa. Waliwekwa katika kolonia za shule, kama ile ya Boma. Mwaka 1892 dekreti ingine ikaruhusu misioni kufanya vilevile. Sisi wa Maniema tukumbuke: ni wakati uleule wa vita vya Leta na Waarabu, na Nyangwe na Kasongo zilianguka 1893. Nani aliamua kwamba mtoto "ameachwa"? Ni Leta, si mama yake.

Chini ya Ubelgiji, mzigo huo uliwaangukia watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika. Wakubwa wa koloni waliogopa kwamba watoto hao watavunja mpaka kati ya weupe na weusi. Maofisa waliwatafuta vijijini, wakawatoa kwa mama zao, wakawapeleka misioni. Njo vile wasichana watano walivyochukuliwa kabla ya kutimiza miaka 7, wakalelewa kwa masista wa Katende, kule Kasai. Uhuru ulipofika na machafuko yakaanza, wazungu waliondoka, wao wakabaki. Wameeleza wenyewe mateso waliyoyapata mikononi mwa wanamgambo.

Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi 2017. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019. Malipo? Hakuna. Basi wale watano, sasa ni mabibi wenye wajukuu, wakaishtaki serikali ya Ubelgiji mwaka 2020: Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Mwaka 2021 walishindwa. Tribinali ilisema kwamba miaka ile kitendo hicho hakikuhesabiwa kuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Korti ya Rufani ikakataa hoja hiyo: misingi ya Nuremberg ilikuwapo tayari, Leta ilikuwa na mpango wa kuwatafuta na kuwateka watoto kwa sababu ya asili yao tu, na jinai ya namna hiyo haizeeki. Kila mmoja alipewa haki ya kulipwa euro 50,000.

Kuna ndugu watakaosema, "Lakini si walisomeshwa?" Mimi najibu: korti ililipisha hasa kuvunjika kwa kamba kati ya mtoto na mama, na kupotezwa kwa asili yake. Diploma haiwezi kurudisha hiyo.

Juu ya nini naleta habari hii Kindu? Kwanza, dekreti zile zilikuwa za nchi nzima, na mji wetu wa reli na bandari ulikuwa na wazungu wengi wa kazi. Pili, hukumu ile iliwataja watano tu walioshtaki. Wengine hawajapata kitu. Tatu, kesi hiyo ilisimama kwa ushuhuda wa mabibi pamoja na makaratasi ya koloni yenyewe. Leo tuna sheria ya 26 Desemba 2022 na mfuko wa FONAREV kwa waathirika wa ukatili wa kingono wa vita. Huko pia mtu ataulizwa: jina gani, wapi, mwaka gani?

Kwa hiyo naomba jambo moja. Walio karibu na parokia na shule za zamani, waulize kwa heshima hali ya rejista za ubatizo na za wanafunzi, kabla mchwa na mvua hazijazimaliza. Mwenye bibi au babu aliyelelewa misioni amsikilize, aandike jina, mahali na mwaka. Mzee akikataa kusema, mwacheni. Siri ni yake. Akikubali, andikeni maneno yake jinsi anavyoyasema, mkamsomee tena, halafu mwachieni nakala.