Swichi za rimoti: mwanzo kilikuwa kitufe kimoja

Wadau, leo vitini pembeni kidogo. Kuna watu wanafungua rimoti za ndege zao za kuchezea, wanang'oa swichi na kuchomelea nyingine. Ukorofi huu wa zamani bwana!

Tesla alionyesha boti ya redio New York mwaka 1898. Mwaka 1937 mapacha Walter na William Good, Wamarekani, wakarusha ndege yao, Big Guff.

Rimoti nyingi za zamani zilikuwa na kitufe kimoja tu. Bonyeza, usukani wa mkia unakwenda kulia, achia, unanyooka, bonyeza tena, kushoto. Nguvu ya kuuzungusha? Mpira uliosokotwa! Ukisahau mara ya mwisho ulikata wapi, ndege inageukia usikotaka, halafu chini puu. Ndipo ukaja mtambo wa kuhesabu: mbonyezo mmoja kulia, miwili kushoto. Hapo mie nawavulia kofia.

Miaka ya 1950 zikaja swichi za kusukuma, kila upande na mlio wake. Nazo zilijua yote au hakuna, basi marubani wakawa wanazigongagonga ili ndege ikate kona kidogo tu. Miaka ya 1960 vijiti vikachukua usukani, swichi zikabakiziwa magurudumu na flapu. Hizo ndizo zinazong'olewa siku hizi: flapu inataka juu, nusu na chini, swichi ya kiwandani ina hatua mbili tu.