Steringi Hana Jinsia: Muuaji wa Kike na Sauti ya DJ katika Banda la Video, Mbamba Bay

Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Hoja yao ilikuwa ya soko, nayo ina uzito. Ila ipo hoja nyingine, ya maadili, ninayoisikia kwa walimu wenzangu kila mara: kwamba filamu za mapigano ambazo muuaji ni mwanamke zinawapotosha vijana, kwa kuwa zinamvua mwanamke uanamke wake, au zinamgeuza pambo la kutazamwa. Makala hii inaipinga hoja hiyo. Wanaoishikilia huikagua picha peke yake, ilhali katika banda la video hadithi hufika kwa sikio.

Kwamba DJ, yaani msimulizi wa filamu bandani, hatafsiri neno kwa neno bali hutunga upya, hakuna ubishi. Watafiti Birgit Englert na Matthias Krings wamekwisha kulionyesha hilo kwa Tanzania, na Krings, akiandika juu ya wasimulizi kama Lufufu, aliifananisha kazi yao na kuugeuza wali kuwa pilau. Ubishi wangu ni na wale wanaomchukua mhakiki wa filamu Laura Mulvey wa 1975 mzimamzima. Mulvey alidai kuwa sinema humweka mwanamke mbele ya macho ya mwanamume ili atazamwe. Dai hilo lilizaliwa katika sinema za Hollywood, na halina nafasi ya msimulizi anayezungumza juu ya picha kwa lugha isiyotenganisha mwanamke na mwanamume katika kitenzi.

Ushahidi wangu mkuu ni usiku mmoja Mbamba Bay, kando ya ziwa. Mbalamwezi ilikuwa kali, na wavuvi wa usipa, ambao huvua kwa taa gizani, walikuwa nchi kavu, mabenchi yalijaa. Ilioneshwa The Villainess, filamu ya Korea Kusini ya 2017 iliyoongozwa na Jung Byung-gil. Inaanza kwa kamera iliyo mahali pa macho ya muuaji: tunaona mikono, bastola, visu na wanaume wakianguka mmoja baada ya mwingine ukumbini, lakini sura ya muuaji hatuioni. DJ alikwenda nayo sambamba: “Kaingia huyo! Kamwahi wa kwanza, kamlaza. Wa pili naye anajileta, kalazwa!” Kisha kichwa cha muuaji kinabamizwa kwenye kioo, na ndani ya kioo tunamwona Sook-hee, anayeigizwa na Kim Ok-vin. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga mlangoni akauliza, “Kumbe steringi ndo huyu?” Kijana wa benchi la mbele akamjibu bila kugeuka, “Ndo huyo, mama. Na hafi huyo.”

Tuipime ile “ka” ya DJ. Msimulizi wa Kiingereza angelazimika kuchagua tangu pigo la kwanza: muuaji ni wa kike au wa kiume. Kiswahili hakikumlazimisha. Siri ambayo mwongozaji aliitunza kwa kamera, DJ aliitunza kwa sarufi, na kioo kilipoifichua, cheo cha usteringi, yaani cha mhusika mkuu, kilikuwa kimekwisha kutolewa. Kanuni ya banda ni kwamba steringi hafi; haijawahi kuuliza steringi ni nani. Ufundi huu wa kuficha una asili ndefu: mwaka 1966, katika Come Drink with Me ya King Hu, Cheng Pei-pei aliingia vitani akiwa amevaa kiume. Huko vazi ndilo lililoficha. Mbamba Bay, neno ndilo lililoficha.

Nitaambiwa kuwa baadaye DJ yuleyule alimwita Sook-hee “mrembo”. Ni kweli, lakini alimwita hivyo katika onyesho la mapenzi. Mapigano yaliporudi, jina likarudi kuwa steringi. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mabenchi yalikaliwa na wanaume watupu, na mwanamke pekee aliyeiona filamu aliiona akiwa mlangoni, kazini. Hilo silipunguzi. Filamu inaweza kumpa mwanamke usteringi huku banda likimnyima benchi.

Usiku mmoja hautoshi kuisemea nchi nzima. Hata hivyo unatosha kuonyesha kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, pamoja na wahakiki wetu, haiwezi kulihukumu banda kwa kukagua picha tu. Kinachomfikia mtazamaji ni picha na sauti kwa pamoja, na sauti ndiyo yetu. Filamu ya Jung Byung-gil imehifadhiwa; masimulizi ya wakongwe wetu yanapotea kila santuri inapokwaruzika. Vyuo vyetu viyakusanye sasa, na mtafiti atakayeshuka kutoka Mbinga kwenda ziwani asisahau kinasa sauti.