Kigawo Kikubwa cha Shirika

Wasomaji wetu wa Naipingo, toka Nachingwea hata Ruangwa, wengi wenu mlijifunza shuleni kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kupita zote iwezayo kugawanya namba mbili pasipo baki. Twapenda kueleza habari za kanuni hiyo, kwani ni ya kale sana, nayo iliandikwa katika bara letu hili la Afrika.

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alifundisha katika mji wa Iskanderia, Misri. Kanuni yake tuieleze kwa kamba mbili, moja ya pima 48, na moja ya pima 18. Pima ile ndefu kwa ile fupi. Zabaki pima 12. Kisha pima 18 kwa 12, zabaki 6. Tena 12 kwa 6, hakuna baki. Basi 6 ndicho kigawo.

Mwaka 1585 Simon Stevin alionyesha ya kuwa kanuni hii yafaa hata kwa hesabu za herufi, ziitwazo polinomia. Lakini kweli yaweza kuwa nzito kubeba. Mwaka 1969 Donald Knuth alichapisha mfano wa polinomia mbili zenye herufi moja tu, na namba zake hazipiti tarakimu mbili. Kanuni ikifuatwa pasipo kupunguza namba njiani, namba ya mwisho ina tarakimu 35, na jibu lenyewe ni 1! Herufi zikiwa nyingi, mzigo huzidi, hata kompyuta ikalemewa.

George Collins alikwisha kutafuta dawa yake mwaka 1967, kwa kupunguza namba katika kila hatua. Mwaka 1971 W. S. Brown alieleza njia nyingine: mahali pa herufi tia namba, yafanye maswali madogo mengi, kisha jenga jibu. Tazameni x² − y² na x² + 2xy + y². Mahali pa y tukitia 1, kigawo ni x + 1; tukitia 2, ni x + 2. Ndipo twadhani jibu ni x + y.

Walakini kuna hila. Tukitia 0, zote mbili huwa x², na kigawo huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo dhana haitoshi. Lazima tugawanye zile za kwanza kwa x + y. Kama hakuna baki, jibu ni kweli.

Mwaka 1979 Richard Zippel alipunguza tena hesabu ya majaribio, kwa polinomia zenye vipande vichache. Hata hivyo Euclid hakutupwa. Ndani ya kila swali dogo, kanuni yake ndiyo ifanyayo kazi. Wapya walimpunguzia mzigo tu.