Idadi, Mpangilio na Umbo: Historia ya Molekuli na Lugha ya Kuifundishia

Juu ya uwanda wa Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, mvuke hutoka ardhini katika mlima wa Eburru. Wakazi wa huko, ambako maji ni haba, wamezoea kuupoza mvuke huo na kukinga maji yake. Lakini kaboni dioksaidi inayotoka pamoja nao haikingiki, hupaa ikapotea. Molekuli ya kila kimoja ina atomi tatu. Mbona basi kimoja hugeuka maji na kingine hakigeuki?

Fomula H₂O na CO₂ peke yake hazijibu swali hili. Hutaja idadi tu. Jibu limo katika umbo. Molekuli ya kaboni dioksaidi imenyooka, hivyo mivuto ya pande zake mbili hubatilishana. Molekuli ya maji imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi, upande mmoja una chaji hasi kidogo na mwingine chanya, kwa hiyo molekuli hushikana.

Wanakemia wenyewe hawakufika hapo kwa hatua moja. Mwaka 1808 John Dalton alihesabu atomi, tena akayapa maji atomi moja tu ya hidrojeni kwa moja ya oksijeni. Mwaka 1858 August Kekulé na Archibald Couper, kila mmoja kivyake, walieleza jinsi atomi za kaboni zinavyoungana. Mwaka 1874 van 't Hoff na Le Bel walionyesha kwamba molekuli ina umbo la pande tatu. Kutoka idadi hadi umbo ilipita miaka 66.

Darasani safari hiyo hufinywa katika neno moja: muundo. Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya husoma kemia kwa Kiingereza. Amwelezapo mwenziwe kwa Kiswahili, neno hilo laweza kubeba dhana zote tatu bila kuzipambanua. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) iliwapa walimu istilahi, lakini istilahi haziwi na manufaa kamili pasipo utaratibu wa dhana.

Vidonge vitatu vya udongo na vijiti viwili vyatosha kuanzia. Kimoja kikiwa katikati, mwanafunzi avinyooshe, kisha avipinde: idadi ni ile ile, mpangilio ni ule ule, umbo limebadilika. Hapo ndipo apewe fomula.