Ngoma, Papa Wendo na gereza la Stanleyville: historia ambayo haijapanda jukwaani

Huko Marekani, kampuni ya santuri ya Motown imegeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani. Mchezo huo, Motown: The Musical, ulianza kuonyeshwa Broadway, mjini New York, mwaka wa 2013. Kuanzia mwaka wa 2014 ulizunguka miji mingi ya Marekani, na mwaka wa 2016 ukafika London. Watu walinunua tiketi ili waone jinsi Berry Gordy alivyokopa dola 800 kwa jamaa yake mwaka wa 1959, akajenga mjini Detroit nyumba ya muziki wa soul iliyowatoa akina Marvin Gaye, Stevie Wonder na kundi la The Supremes.

Kongo ilikuwa na nyumba ya namna hiyo miaka 11 kabla ya Motown. Iliitwa Ngoma. Na katika historia yake, mji wa Kisangani una sehemu ambayo haisimuliwi sana: sehemu ya gereza.

Ngoma ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka wa 1948 na mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis. Nyimbo zilirekodiwa huko Léopoldville, santuri zikachapwa Ulaya, kisha zikarudi Kongo kuuzwa. Wafanyabiashara wengine walipoona faida, nao wakaingia. Opika ikafunguliwa, halafu Loningisa ya Basile Papadimitriou mwaka wa 1950, na Esengo mwaka wa 1957. Ni Loningisa iliyompokea Franco mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 15 tu.

Wimbo ulioipa Ngoma jina kubwa ulitoka mwaka huo huo wa 1948: Marie-Louise, wa Wendo Kolosoy, pamoja na gitaa la Henri Bowane. Wendo alizaliwa mwaka wa 1925 huko Mushie. Alibaki yatima akiwa mtoto, akacheza ngumi, na kabla ya kujulikana kwa sauti yake alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mtoni. Ndiyo kusema mto huu unaopita mbele ya mji wetu ulimlea kabla santuri hazijamtangaza.

Marie-Louise ulipendwa kupita kiasi. Watu walianza kunong'ona kwamba wimbo huo ukipigwa saa sita ya usiku, wafu wanafufuka. Uvumi ulifika kwa mapadri, nao walikasirika. Wendo alishutumiwa kuwa na mambo ya shetani, akalazimika kutoka Léopoldville, na inasimuliwa kwamba Kanisa Katoliki lilimtenga. Ndipo wakubwa wa Kibelgiji walipomfunga kwa muda mfupi hapa Stanleyville, yaani Kisangani.

Jambo hilo lina uzito kuliko hadithi ya wafu. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa njia ya mto ni zaidi ya kilomita 1,700. Katika ukoloni, mtu mweusi hakutembea ovyo: ruhusa, makaratasi, saa ya kurudi nyumbani. Lakini santuri ilipita. Wimbo wa Lingala uliingia katika nyumba za watu ambao mwimbaji hakuwahi kuwaona, na ukawafanya wazungumze kitu kimoja katika miji mingi. Serikali iliyomfunga kijana mwenye gitaa ilikuwa imeelewa nguvu hiyo.

Ngoma haikungoja wanunuzi waje dukani. Katika miaka ya 1950 iliwatoa waimbaji wake watatu, Léon Bukasa, Manuel d'Oliveira na Wendo, wakazunguka nchi pamoja. Kwa herufi za kwanza za majina yao kundi likaitwa BOW. Motown ilifanya kazi kama hiyo mwaka wa 1962, ilipowapakia wasanii wake katika basi na kuwazungusha hadi majimbo ya kusini mwa Marekani, mahali ambapo weusi na weupe walitengwa hata ukumbini. Detroit na Léopoldville ziko mbali, lakini wasanii wa pande zote mbili waliimba mapenzi mbele ya watu waliowekewa mipaka ya mahali pa kukaa na pa kupita.

Tofauti inaonekana kwa anayesimulia. Mchezo wa Motown uliandikwa na Berry Gordy mwenyewe, kutoka kitabu cha maisha yake. Ni historia ya mwenye kampuni. Wapiga vyombo waliojulikana kama Funk Brothers, waliopiga karibu nyimbo zote hizo za Detroit, walikaa miaka mingi bila majina yao kuandikwa juu ya santuri. Kwetu pia, mwimbaji mara nyingi alilipwa kidogo mara moja, na wimbo ukabaki mali ya mwenye studio.

Jeronimidis alifariki mwaka wa 1951, na ndugu yake akaendelea na kazi. Baada ya uhuru, Ngoma ilidhoofika na mwishowe ikafungwa. Nyimbo zake nyingi hazipatikani tena. Baadhi zilitolewa upya kwa CD huko Ujerumani katika miaka ya 1990.

Wendo naye alinyamaza. Alikuwa rafiki wa Patrice Lumumba, yule ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa posta hapa Stanleyville. Lumumba alipouawa Januari 1961, Wendo aliacha muziki kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Alirudi katika miaka ya 1990, akiwa mzee, na akapanda majukwaa ya Ulaya akiimba tena Marie-Louise. Alifariki Kinshasa mwaka wa 2008.

Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Heshima hiyo ni nzuri, ila haijazaa mchezo wa Ngoma. Na hakuna anayeweza kusema kwamba Kisangani haina uwezo. Mcheza dansi Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, aliileta Studios Kabako hapa mjini mwaka wa 2006, na kazi zake zimezunguka Ulaya na Marekani. Moja kati ya hizo, more more more... future, ilipanda jukwaani na gitaa la Flamme Kapaya.

Ngoma haina tena mwenye kampuni wa kujiandikia sifa. Kwa hiyo nafasi iko kwa wengine: fundi wa meli aliyegeuka mwimbaji, wapiga gitaa waliolipwa kidogo, na wakaaji wa Mangobo, Kabondo au Tshopo ambao wazazi wao walicheza kwa santuri hizo. Wazee waliokuwa vijana mwaka wa 1948 sasa wamepita miaka 90. Wachache waliobaki wanaweza kuulizwa wiki hii, katika kila komini, walisikia wapi Marie-Louise kwa mara ya kwanza, na nani alikuwa na gramafoni katika mtaa wao. Mchezo utaandikwa baadaye. Majibu yao hayawezi kungoja.