Garimoshi la abiria la kuvuka mipaka: Nauli ni nafuu, ila nani hulipa pengo?

MKAZI wa Kinoru, mjini Meru, anayetaka kufika Kampala au Dar es Salaam hana budi kupanda matatu hadi Nairobi, kisha atafute basi la kuvuka mpaka. Reli haijawahi kufika Meru wala Embu. Aliye Embu hulitazamia tawi la Nanyuki katika kituo cha Sagana, naye wa Meru hulikuta Nanyuki kwenyewe, upande wa pili wa Mlima Kenya, ambako reli hiyo hukomea.

Hata hivyo, ahadi ipo. Mnamo Machi 2, 2012, viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET. Ramani yake ina reli ya kutoka Lamu hadi Isiolo, mji jirani wa Meru, na kutoka hapo matawi mawili: moja la kwenda Juba na jingine Addis Ababa. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale inatumika. Reli yenyewe haijajengwa.

Swali linalomhusu mwananchi ni hili: reli hiyo ikijengwa, je, itambeba yeye, au itabeba makasha na mafuta tu? Jibu linapatikana katika historia ya magarimoshi yaliyotangulia kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki.

Namna yanavyoendeshwa

Garimoshi la kimataifa la nauli nafuu ni lile linalovuka mpaka likiwa na mabehewa ya daraja la tatu, yaani ya viti bila vitanda, na kusimama katika vituo vingi vidogo. Abiria wake ni wakulima, wachuuzi, wanafunzi na jamaa wanaokwenda msibani au harusini.

Nauli ya abiria wa aina hii kwa kawaida haitoshi kulipia mafuta, injini, mishahara na matengenezo ya njia. Pengo hujazwa na mojawapo ya mifuko miwili: mapato ya shehena inayopita katika reli hiyo hiyo, au fedha za serikali. Mifuko hiyo ikitoboka, garimoshi la abiria huwa la kwanza kusimamishwa.

Nairobi hadi Kampala

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Njia ya kupitia Nakuru, Eldoret na Tororo ilifika Kampala mwaka wa 1931. Kuanzia 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya usimamizi mmoja. Injini, mabehewa na karakana zilikuwa mali ya pamoja, na mpaka wa Malaba haukuwa kizuizi kikubwa kwa msafiri.

Mpango huo ulisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977. Kila nchi ilibaki na shirika lake, na mabehewa yakagawanywa. Safari za abiria kati ya Nairobi na Kampala zilijaribiwa tena baadaye, lakini Uganda ilisimamisha huduma zake za abiria mwaka wa 1997. Kenya na Uganda zilipokabidhi reli zao kwa kampuni ya Rift Valley Railways mnamo Novemba 2006, tegemeo kuu lilikuwa shehena ya bandari ya Mombasa. Mkataba huo, uliokusudiwa kudumu miaka 25, ulikatizwa mwaka wa 2017 bila garimoshi la abiria la Kampala kurejea.

Funzo la TAZARA

Mfano mashuhuri zaidi ni TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilizaliwa kutokana na siasa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka wa 1965, Zambia ilihitaji njia ya kusafirishia shaba bila kupitia kusini. China ilitoa mkopo usio na riba, mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Magarimoshi yake mawili ya abiria, Kilimanjaro na Mukuba, yamejulikana kwa miaka mingi. Jina Mukuba lenyewe humaanisha shaba. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda milima kupitia mahandaki mengi, wanavijiji wamelitegemea garimoshi kupeleka mchele na ndizi sokoni. Katika mpaka wa Tunduma na Nakonde, maafisa wa uhamiaji huingia ndani ya mabehewa kukagua hati, na abiria hubaki vitini mwao.

Lakini nauli hiyo nafuu ilibebwa na shaba. Mwaka wa 1986 TAZARA ilisafirisha takriban tani milioni 1.2 za shehena. Njia za kusini zilipofunguka tena na ubaguzi wa rangi kukoma nchini Afrika Kusini, shehena ilihamia huko na katika malori. Kufikia mwaka wa fedha wa 2014/2015, ilikuwa imeshuka hadi takriban tani 88,000. Injini zikapungua, na abiria wakazoea kuchelewa kwa saa nyingi, pengine kwa siku nzima. Mnamo Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua reli hiyo kwa dola bilioni 1.4.

Upana wa reli

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwa abiria. Reli kongwe za Kenya na Uganda zina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Reli ya kisasa ya SGR ina 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kupita katika nyingine. Reli mpya isipokutana na mwenzake wa upana sawa mpakani, msafiri atashuka na mizigo yake na kupanda tena.

Nauli za hapa nyumbani

Safari za ndani ya Kenya zinaonyesha jinsi nauli ilivyo uamuzi wa kisera. Huduma ya Nairobi hadi Nanyuki iliporejea Desemba 2020, nauli ya chini ilikuwa Sh200, kiasi kilichowavutia wengi. Kwa upande mwingine, nauli ya daraja la kawaida ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024.

Kwa hivyo, siku mkazi wa Meru atakapoahidiwa garimoshi la Isiolo, asiishie kuuliza nauli itakuwa kiasi gani. Aulize pia ni shehena gani itakayopita katika reli hiyo kila wiki, ni nani atakayelipa pengo shehena ikipungua, iwapo Ethiopia na Sudan Kusini zinajenga reli ya upana huo huo, na kama mabehewa ya daraja la tatu yametajwa katika mkataba. Abiria wa Kampala hawakupoteza garimoshi lao kwa kukosa kulipenda. Walilipoteza kwa sababu hakuna mkataba uliolilinda.